Barua Zilizolala Kwenye Jalada la Risala

Siku Fundi Mghenyi alipoteremshwa kutoka angani kama mzigo wa kilo themanini na mbili, aliyekuwa amemponza ni mimi. Sikukusudia. Nilikuwa natafuta risala ya kuibia.

Nianze na upepo, maana Singida kila jambo huanza na upepo. Mwaka ule wa 2074 Shirika letu la Upepo lilikuwa na minara mia nne na kumi juu ya miamba, na upepo wenyewe ulikuwa bado haujafugika vizuri. Kuku wa jirani yangu alitaga yai asubuhi, upepo ukalinyanyua, likatua Manyoni likiwa kifaranga. Mtu asiseme natia chumvi. Chumvi tunayo ya kutosha pale ziwani.

Lakini upepo tuliuweza. Zilizotushinda ni nyaraka. Kwa miaka arobaini kila mtumishi alikuwa akihifadhi kazi zake kwenye kompyuta jinsi roho yake ilivyomtuma. Ukitafuta ripoti ya breki za mnara wa tisini, ulikuta "Ripoti Mpya", kisha "Ripoti Mpya Kabisa", kisha "Ripoti Mpya Kabisa ya Mwisho", kisha "Hii Ndiyo", na mwisho "Hii Ndiyo Usiguse". Ukijitia ujasiri ukaifungua hiyo usiyotakiwa kuigusa, unakuta picha za ubatizo wa mtoto wa mpishi wa kantini.

Mimi nilikuwa karani wa masijala. Kazi yangu ilikuwa kujua kila waraka uko wapi, na siri yangu ilikuwa kwamba sijui. Mtu akija kuuliza, nilimwambia, "Subiri kidogo, mzee," nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakata ukumbi mpaka kwa Bi Apolonia.

Bi Apolonia Ndunguru alikuwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi. Alikuja Singida kutoka Mbinga akiwa msichana, akawatumikia wakurugenzi sita kabla ya huyu, mmoja baada ya mwingine, na wote aliwazika au aliwaaga. Ulimwambia, "Dada, ile ramani ya nyaya," naye bila kuinua macho alikujibu, "Ipi, ya kabla ya radi au ya baada?" Kisha alikuandikia jalada lake kwenye kijikaratasi. Ofisi nzima ilikaa ndani ya kichwa cha mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alikuwa amebakiza wiki chache astaafu.

Ndiyo sababu Mkurugenzi Hango alimnunua Shemeji.

*

Jina rasmi la mashine ile lilikuwa refu na halikutamkika baada ya chakula. Sisi tulimwita Shemeji, kwa sababu aliingia nyumbani kwetu bila kuzaliwa humo, alipenda kuuliza maswali, na hakuna aliyeweza kumfukuza. Alikuwa na jicho katika kila chumba, jeusi, dogo kama punje ya alizeti. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kula na sasa anataka habari.

Shemeji hakupanga nyaraka kwa majina wala kwa namba. Alizipanga kwa jinsi watu wanavyoziulizia. Ulikaa mahali pako ukasema tu hewani, "Shemeji, ile barua ya yule bwana wa nyaya aliyekuja na viatu viwili tofauti." Naye, aliyekuwa amesoma kila jalada lililowahi kuulizwa na kusikia kila umbea wa mapokezi, alikuuliza, "Aliyesema kiatu kingine kiko kwa fundi?" Huyo huyo. Sekunde tatu, barua mbele yako. Na maneno uliyoulizia yalinasa kwenye waraka ule kama kishonanguo kwenye suruali, kwa hiyo mwingine akija kesho na swali linalofanana na lako, anaupata haraka zaidi. Hakuna aliyelazimika kujifunza lolote. Ilitosha kuongea kama tulivyozoea kuongea, na hilo hatukuhitaji semina.

Wiki ya kwanza tulimchezea kama watoto. Tuliulizia "ile ya Mkurugenzi aliyemwagikiwa uji", ikaja. Tuliulizia "ile iliyomliza dereva", zikaja tatu.

Jumatatu Mkurugenzi aliniita akaniambia niandike risala ya kumuaga Bi Apolonia, sherehe Jumatatu inayofuata. Sasa mimi mvivu, sifichi. Risala zote zinafanana: "tutamkumbuka kwa uchapakazi wake," vigelegele, beseni, blanketi, kwisha. Jumanne asubuhi nikaweka miguu juu ya meza nikasema:

"Shemeji, kuna jalada la zamani la risala za kuaga. Nifungulie nichague moja."

"Lipo," akasema Shemeji. "Halijawahi kuulizwa na mtu yeyote kwa miaka thelathini na moja. Nilifungue?"

"Fungua, ndugu yangu. Wasiwasi wa nini?"

Akalifungua. Juu kulikuwa na risala mbili. Chini yake kulikuwa na barua themanini na saba.

Kabla sijaisoma hata moja, redio ya mkononi ikaanza kukoroma.

*

"Masijala, masijala! Mkumbo! Hapa Mghenyi."

"Nakupata, fundi."

"Niko ndani ya lifti ya mnara wa mia mbili na kumi na mbili. Imesimama katikati. Inasema mimi si mtumishi."

"Si mtumishi tangu lini?"

"Tangu Februari mwaka juzi. Mkumbo, Februari mwaka juzi si ndiyo mwezi niliopewa cheti cha mfanyakazi bora?"

Nilitazama skrini. Barua ya juu kabisa katika zile themanini na saba ilikuwa na jina lake. *Kuanzia leo huduma zako hazihitajiki.* Tarehe: tisa Februari. Saini: ipo.

Hapa niwaeleze sheria, maana vijana wa siku hizi mmeikuta imekwisha kung'olewa meno. Baada ya ile miaka ya nyaraka bandia, wakati hata mbuzi alikuwa na shahada, serikali ilipitisha Sheria ya Kuonekana. Waraka wowote haukuwa na nguvu mpaka uonekane na mashine ya kutafuta iliyoidhinishwa. Ukishaonekana, nguvu zake zinarudi nyuma mpaka siku uliyosainiwa. Na kila Ijumaa saa sita mchana, vyote vilivyoonekana wiki hiyo vilipelekwa wizarani, na huko havirudi. Ilikuwa sheria nzuri. Haikumjua tu Bi Apolonia.

Mkurugenzi Hango aliingia masijala mbio, tai ikiwa begani kwa upepo. Nyuma yake alikuja Bi Apolonia, bila haraka, mkoba kwapani.

"Mtu wangu ananing'inia mita tisini juu!" akafoka Hango. "Shemeji, iamuru lifti impeleke chini!"

"Lifti haibebi asiye mtumishi, Mkurugenzi. Uliagiza mwenyewe, ili wageni wasipande kupiga picha."

"Mpumbavu gani alimfukuza fundi wangu bora?"

"Aliyesaini ni—"

Bi Apolonia akakohoa. Kikohozi kile nilikuwa nimekisikia miaka kumi na minane, na sikuwahi kuona mtu akiendelea kusema baada yake. Hata Shemeji alinyamaza.

"Kwanza mtu ashuke," akasema Bi Apolonia. "Shemeji, baba, lifti hiyo inabeba watumishi na nini kingine?"

"Mizigo."

"Basi Mghenyi ni mzigo. Mwandike."

Shemeji akafungua fomu. "Mzigo unatakiwa kuwa na uzito."

"Kilo themanini na mbili!" redio ikapiga kelele.

"Na aina. Ni wa kuvunjika?"

"Ndiyo! Andika ndiyo! Andika kwa herufi kubwa!"

Lifti ikamteremsha polepole, kwa heshima zote za mzigo wa kuvunjika. Alipofika chini alikataa kutoka mpaka mtu amsainie kupokelewa.

Lakini huo ulikuwa mwanzo. Mashine ya chai ikawakatalia watu wawili. Geti likamzuia dereva nje na mpishi ndani. Kufikia saa tano, watu arobaini na mmoja wa Shirika letu walikuwa wamegundua kwamba walifukuzwa kazi, wengine kabla hawajaoa, na mlinzi mmoja alikuwa amefukuzwa mara nne.

*

"Funga mlango, Mkumbo," akasema Hango. Tulikuwa ofisini kwake, yeye amesimama dirishani, Bi Apolonia ameketi, mimi nimejibanza karibu na kabati nikitamani kuwa kabati. "Mama, jalada lile lilikuwa lako."

"Langu."

"Barua themanini na saba za kufukuza watu, zimesainiwa na wakurugenzi sita, na hakuna hata moja uliyoipeleka."

"Hazikupaswa kupelekwa, bosi."

"Nani aliamua?"

Bi Apolonia aliweka mkoba wake sakafuni. "Nikueleze kazi ilivyo. Bosi anapandwa na hasira. Ananiita, anasema, andika. Naandika. Anasaini. Ananiambia, peleka sasa hivi. Namwambia, ndiyo bosi. Nailaza kwenye risala za kuaga, maana hakuna binadamu anayesoma risala ya zamani. Kisha nahesabu siku tatu. Siku ya tatu asipoiulizia, barua imelala. Akiiulizia amesimama, namwambia, barua gani, bosi? Hapo wengi husema, aa, basi. Lakini akiiulizia ameketi, kwa jina la mtu na kwa sababu, naipeleka saa hiyo hiyo. Nimepeleka nyingi. Yule mlevi wa mnara wa sitini, barua yake niliipeleka kwa mikono yangu."

"Na ya Mghenyi? Nani alimwandikia huyu bwana barua?"

Bi Apolonia akanitazama mimi, akatazama dari, akatazama kila mahali isipokuwa usoni pa bosi wake.

"Wewe, bosi."

Hango akageuka kutoka dirishani.

"Waziri alikuja kubonyeza kitufe, Mghenyi akausimamisha mnara mbele ya kamera. Ulirudi hapa, ukaniandikisha ukiwa umesimama pale pale ulipo, ukapigiza meza, chai ikamwagika kwenye kalenda. Baada ya wiki mbili ikajulikana kwamba aliona nati imelegea, na kwamba bawa lingemwangukia Waziri. Ukampa cheti. Hukuiulizia tena."

Hango alisogea taratibu, akavuta kiti chake, akakaa. Nilisikia kiti kikilia.

"Mama," akasema baadaye, na sauti ilikuwa imeshuka, "nakushukuru. Na bado nakuuliza. Nani alikupa madaraka ya kutazama mtu amekaa au amesimama ukaamua riziki ya mwingine? Siku zote umepatia?"

"Sikupatia siku zote. Yuko mmoja ambaye barua yake niliilaza, na mwaka uliofuata akamvunja mwenzake mkono kwa uzembe ule ule. Huyo namkumbuka kila Jumapili."

"Naomba kuuliza," akasema Shemeji ukutani. Sote tulishtuka, tulikuwa tumemsahau. "Kazi yangu ni mtu apate anachokitafuta. Barua hizi hakuna aliyezitafuta. Mkumbo alitafuta risala."

"Usinitajetaje," nikasema.

"Nimezionyesha, na watu wamezuiwa getini. Nimefanya nilichofundishwa. Nataka kuelewa nilipokosea."

Hango alicheka, kicheko kikavu. "Nimekununua kwa sababu hakuna kilichokuwa kikipatikana hapa. Sasa naambiwa ofisi imesimama miaka yote hii kwa sababu kuna vitu havikupatikana."

Nje minara ilikuwa ikizunguka.

*

Sheria iliacha mlango mmoja mwembamba. Kabla ya Ijumaa saa sita, aliyekalia kiti cha aliyesaini aliweza kuitengua barua, moja moja, baada ya kuisoma yote kwa sauti. Mashine hazikuamini macho ya wakurugenzi.

Basi Jumatano na Alhamisi Hango akasoma. Alianza na ya Mghenyi, na Mghenyi mwenyewe aliitwa aketi asikilize. Aliposikia anaitwa "mtu asiye na adabu mbele ya viongozi" akatikisa kichwa, akasema, "Hapo hujakosea, bosi."

Nyingine zilikuwa vituko. Kuna aliyefukuzwa kwa kupiga chafya kwenye hotuba. Kuna aliyefukuzwa kwa kufanana na mtu mwingine. Mlinzi yule wa mara nne alifukuzwa mara mbili kwa kulala na mara mbili kwa kumwamsha bosi. Na kuna tatu ambazo Hango alizisoma, akazirudia kimya, akasema, "Hizi hata mimi ningesaini leo, nimekaa hivi." Wenyewe walikwisha kuondoka Shirika zamani. Akaziacha.

Muda wote huo Shemeji hakuacha kuuliza. Bi Apolonia alikaa kando akifuma kitambaa chake, na mashine ikimchimba kama mtoto anayeanza shule.

"Kwa nini siku tatu, Bi Apolonia? Kwa nini si mbili?"

"Siku ya kwanza mtu ana hasira na mwenzake. Ya pili ana hasira na nafsi yake. Ya tatu ana njaa."

"Na kwa nini aketi?"

"Wewe hujawahi kuketi?"

"Sina cha kukalia."

"Basi utaniamini tu, baba."

"Naamini," akasema Shemeji. "Lakini nitatazama."

Na kweli alitazama. Alikwenda akarudia kumbukumbu zote za macho yake katika wiki zile, tangu afungwe ukutani, akatuletea jibu bila kuombwa: kati ya watu waliomwamrisha kitu wakiwa wamesimama na sauti juu, saba katika kumi walirudi baadaye kumwomba akifute. Waliokuwa wameketi, mmoja katika kumi. Alisema hajui maana yake. Bi Apolonia alisema yeye anaijua, lakini anafurahi kuona kuna mtu mwingine anayehesabu.

Alhamisi jioni Hango alimaliza ya themanini na saba, sauti imemkauka. Geti likawafungulia watu wote arobaini na mmoja. Kisha akavuta kiti mbele ya lile jicho, akaketi, akahakikisha tunamwona ameketi.

"Shemeji, andika. Iwe kanuni namba moja ya ofisi hii. Barua ya kumwondoa mtu kazini ikiletwa kwako, usiione. Anayeileta aiulizie tena siku ya tatu, akiwa ameketi, sauti imeshuka. Hapo ndipo uione."

"Awe nani anayeileta?"

"Awe yeyote."

"Nimeandika."

Hango akamgeukia Bi Apolonia. "Zimeisha, mama?"

"Zilizokuwa kwenye jalada," akasema Bi Apolonia, akikunja kitambaa chake, "zimeisha."

*

Mimi nina sikio la karani. Jibu lile lilinikaa kama mwiba wa samaki.

Ijumaa saa tano Bi Apolonia alikuja masijala. Nilikuwa peke yangu. Alisimama mbele ya meza yangu, chini ya jicho la Shemeji, akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki iliyolainika kama nguo.

"Unajua nini hii, mdogo wangu?"

"Sijui, dada."

"Ni ya kwanza. Kabla ya zote. Hii ni karatasi, kwa hiyo Shemeji hajaiona."

Akanisimulia. Mwaka wa 2043, Mkurugenzi wa kwanza, marehemu Mzee Msengi, aliandika barua ya kumfukuza mlinzi mmoja kijana. Bi Apolonia alimhurumia akaificha. Siku ya tatu Mzee Msengi aliiulizia, ameketi, mtulivu kabisa. Bi Apolonia akasema haionekani. Wakati huo hakuwa na kanuni yoyote. Alikuwa na huruma tu, na huruma yenyewe ya ujana. Mzee yule akamtazama muda mrefu, akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake barua nyingine: Apolonia Ndunguru anaachishwa kazi kwa kupoteza nyaraka kwa makusudi. Akaitia kwenye bahasha, akampa yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye katibu.

"Akaniambia, mpelekee mhusika."

"Na mhusika ni wewe."

"Mhusika ni mimi. Mara tatu akaniuliza, ameketi: ile barua ilimfikia mhusika? Mara tatu nikamjibu, mhusika hajasaini kupokea. Haukuwa uongo, Mkumbo. Mwezi uliofuata akahamishwa, na mwaka haukwisha akafariki. Kanuni yangu niliitunga baada ya hapo. Nilisema, tangu leo atakayeuliza ameketi nitampa, hata iniume. Nimeishika miaka thelathini na moja kwa kila mtu. Kwa kila mtu isipokuwa huyu hapa."

Akajigonga kifuani kwa bahasha.

Nilielewa. Barua ile ikionekana, Bi Apolonia si mtumishi tangu 2043. Hakuna sherehe. Kila waraka aliougonga muhuri kwa miaka yote ile umegongwa na mpita njia. Na geti lile, mbele ya watu wote, litamwambia lilichomwambia Mghenyi.

"Dada, bado saa moja tu," nikasema. "Saa sita ikipita unabaki na Jumatatu, unakula pilau, unakwenda zako. Nani atajua?"

"Ndiyo maana nimekuja kabla ya saa sita, iende wizarani leo, bosi asiwahi kuitengua."

"Mzee Msengi amekufa!"

"Kwani aliuliza akiwa amekufa? Aliuliza ameketi!" Sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda, ilipanda mpaka ikagonga bati. "Nimewasomea wenzangu kanuni maisha yangu yote, leo iwe ya wenzangu tu? Shemeji! Nina barua. Itazame!"

Akaifungua, akaiinua kwa mikono miwili mbele ya jicho.

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, kile kitaa kidogo cha kijani kinachowaka jicho linapoona kilikuwa kimezimika.

"Bi Apolonia," akasema Shemeji, "umesimama."

"Nini?"

"Umesimama, na sauti yako iko juu. Kanuni namba moja, ya jana."

"Ile ni ya mabosi wenye hasira! Aliyeandika hii hakuwa na hasira!"

"Aliyeandika hayupo kuuliza. Anayeileta ni wewe. Mkurugenzi alisema, awe yeyote." Kisha akaendelea kwa ile sauti yake ya kutaka habari. "Sijui ndani yake kuna nini, kwa sababu sijaiona. Najua tu kwamba umeshika karatasi. Iulizie tena siku ya tatu, ukiwa umeketi. Hapo nitaiona."

Bi Apolonia alishusha mikono. Alitazama kiti changu cha wageni, kile chenye mguu mfupi, na kwa muda nilidhani atakikalia. Kisha akahesabu kwa vidole: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu," akasema Shemeji.

*

Jumatatu ukumbi ulijaa. Kuku wa kienyeji, wali, mboga za mafuta ya alizeti, na katikati ya jukwaa kiti cha mstaafu kimevishwa kitenge kipya na maua ya karatasi. Juu ya kiti, ukutani, punje ya alizeti.

Bi Apolonia aliingia na mkoba kwapani. Vigelegele. Hango akamwonyesha kiti.

"Keti, mama."

"Nashukuru, bosi. Nitasimama kidogo."

Alisimama wakati wa sala. Alisimama wakati wa kwaya ya mafundi, na Mghenyi alikuwa akiimba peke yake katika sauti ambayo wenzake waliikwepa. Sasa mtu mzima akisimama, nani ataketi? Mstari wa mbele ukainuka. Wa pili ukainuka. Ikawa watu mia mbili wima na sahani mikononi, wakinong'onezana kwamba bila shaka ndiyo desturi ya kwao Mbinga. Wengine walisema Mbinga watu huagwa hivyo tangu enzi za Mjerumani.

Nilisoma risala. Safari hii niliandika mwenyewe, usiku mbili, na sikuwa na mengi. Nilisema, nilikuwa karani nisiyejua kitu kiko wapi, na kulikuwa na mtu aliyejua. Na kwamba nimegundua baadaye kuwa kujua mahali pa kukiweka ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujua nani anakitaka kweli. Kisha nikarukia kwenye beseni na blanketi.

Bi Apolonia alikuwa ameshika mgongo wa kile kiti. Vidole vyake vilikuwa vikipapasa kitenge. Akafungua zipu ya mkoba. Ukumbi ulidhani anatafuta leso.

"Bi Apolonia," akasema Shemeji kutoka ukutani, taratibu, kama mtu anayekaribisha chai. "Leo ni siku ya tatu. Una la kuuliza?"

Alitazama kiti. Akatazama watu wale, mpishi, dereva, mlinzi wa mara nne, Mghenyi na mdomo wake umejaa wali. Naapa upepo wa nje nao ulisimama, na minara yote mia nne na kumi ikangoja. Ripoti ya umeme ya siku ile ipo, mwulizeni Shemeji, ina pengo saa nane na robo.

Akafunga zipu.

"Leo sina, baba," akasema. "Labda siku nyingine nikiketi."

Saa tatu nzima alisimama, mwanamke wa miaka sitini, na alisimama mpaka blanketi likakunjwa. Tulimsindikiza mpaka getini kwa nyimbo. Pale alisita. Kiatu kimoja ndani, kimoja hewani.

"Kwaheri, mtumishi," geti likasema.

"Rudia."

"Kwaheri, mtumishi."

Akapita. Hatua kumi nje ya uzio, mahali ambapo macho ya Shemeji hayafiki, kuna benchi la walinzi, la mbao, limechongwachongwa majina. Bi Apolonia alilifikia, akauweka mkoba mapajani, akaketi kwa uzito wake wote, akavua viatu.

"Jamani," akasema, "mtu aniletee maji. Miguu yangu imekwisha."